Daftari la Beki wa Kati

Mdogo wangu alicheza beki wa kati kwa miaka minne katika timu ya shule yake ya sekondari huku Uyole, jijini Mbeya, na katika miaka yote hiyo hakufunga bao hata moja. Nalitaja hilo mapema kwa sababu ndilo lililoificha kazi yake. Jumatatu asubuhi mstarini walitajwa wafungaji, na mara mojamoja golikipa.

Alipofika kidato cha pili nilianza kumwandikia mwenyewe. Nilikaa nyuma ya goli na daftari, nikiweka alama kwa kila mpira alioukata, kila krosi aliyoiondoa kwa kichwa, na kila mara mshambuliaji alipomkuta amesimama mbele yake akalazimika kuurudisha mpira nyuma. Alama za aina hii ya tatu ndizo zilizojaza kurasa, na kupitia kwazo nilimwelewa. Mabeki wengi wa umri ule huwa na papara. Huserereka mapema, wakapitwa wakiwa chini. Yeye alirudi hatua mbili, tatu, macho yake yakiwa kwenye mpira na si kwenye miguu ya mtu, huku akimsogeza mshambuliaji pembeni hadi nafasi ya kupiga ikaisha. Mguu aliutoa pale tu mpira uliposukumwa mbali kidogo na mwenyewe. Kwangu mimi huo ni ustadi mkubwa kuliko chenga yoyote niliyoiona katika uwanja ule.

Miaka kadhaa baadaye nilisoma kuhusu kandanda ya Kimarekani, ambamo walinzi wa mstari wa mbele hupambana kumwangusha mrusha mpira kabla hajautoa mkononi. Ligi yao kuu, NFL, ilianza kulihesabu rasmi tendo hilo mwaka 1982, ilhali Deacon Jones, aliyesifika kwalo kuliko wengi, alikuwa amecheza msimu wake wa mwisho mwaka 1974. Niliposoma hayo nilinyanyuka nikaenda kulitafuta daftari.

Ukurasa ninaoupenda ni wa mechi yake ya mwisho ya UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari, akiwa kidato cha nne, mwezi Juni, asubuhi ya baridi ambayo ukungu ulikuwa haujainuka. Wapinzani walikuwa na mshambuliaji aliyeogopwa na shule zote za jirani. Kuna alama kumi na saba za kurudisha mpira nyuma, na matokeo ni sare tasa. Tulitolewa kwa penalti. Timu ya halmashauri ilipochaguliwa, jina lake halikuwamo, jambo ambalo lingali linaniuma.

Sasa anauza pembejeo za kilimo, na daftari nilimpa yeye. Nilipomtembelea mwezi uliopita nililikuta kwenye rafu, juu ya vitabu vya hesabu za duka, amelifunika kwa gazeti kama tulivyokuwa tukifunika madaftari ya shule.