Cuntrera na Caruana, ukoo uliotoka kwenye ng'ombe wanne ukafika kwenye mamilioni

Ukitaja mafia wa Sicily watu wengi wanawaza Corleone na Palermo, wale wa mabomu na kuuana mchana kweupe. Mi kwa upande wangu naona ukoo uliofanya madhara makubwa bila kelele ulitoka Siculiana, kamji kadogo ka mkoa wa Agrigento kusini mwa kisiwa. Ni Cuntrera na Caruana, majina mawili lakini ukoo mmoja, maana walikuwa wanaoana wenyewe kwa wenyewe, hata Alfonso Caruana, aliyekuja kuwa kinara wao, alimuoa binti wa ukoo huohuo wa Caruana. Sasa hapo polisi unapenyezaje mtu? Wa kukusaliti ni shemeji yako, na mtoto wake ni mjukuu wa baba yako mkubwa.

Walianza kama mafia wengi wa shamba tu, wakiwalindia mali akina baroni Agnello, makabaila waliokuwa na ardhi kubwa pale. Mwaka 1952 Pasquale Cuntrera na Leonardo Caruana wakashtakiwa kwa mauaji ya watu wawili, wizi wa ng'ombe wanne na kuchoma moto, mwaka uliofuata wakaachiwa huru. Ndo kesi yenyewe hiyo, ng'ombe wanne. Mwaka 1966 mahakama ya Agrigento ikaamua wakuu wa ukoo wahamishwe kwa lazima wakae mbali na kwao, serikali ikadhani imemaliza kazi, kumbe wenyewe walishaanza kusambaa, wengine Montreal, wengine Brazil, na baadae Caracas, ambako palikuja kuwa makao yao makuu kabisa. Venezuela ilikuwa na hela ya mafuta, na jirani ni Colombia ya kokeini, wakanunua mashamba na biashara wakaishi kama matajiri wa kawaida.

Mzigo wenyewe ulivyokuwa unasafiri ndo utaelewa hawa watu walikuwa wanafikiria mbali. Heroini ilitoka Thailand imefichwa ndani ya fanicha za mbao, inapitia Uingereza, inashuka Canada. Makontena yakidaiwa ni meza na viti, na kwa kuwa yametokea Uingereza nani angeyashuku kule Montreal? Mwaka 1985 watu wa forodha wakaugundua mchezo, Francesco Di Carlo aliyekuwa mtu wao upande wa Uingereza akala miaka 25, na Gerlando Caruana, ndugu yake Alfonso, naye akafungwa Canada.

Ila unga ni nusu ya habari, nusu nyingine ni pesa. Mwaka 1978 Alfonso alikamatwa uwanja wa ndege wa Zurich yeye na mwenzake, wana dola 600,000 kwenye sanduku. Wakalipa faini, wakaendelea na safari zao!! Hii inaniuma sana kila nikiisoma kwa sababu nyuma ya hela ile kuna vijana waliokufa na sindano mkononi, na mtu anapita nayo kama mzigo uliozidi kilo.

Jaji Giovanni Falcone, Mtaliano aliyepambana na mafia, ndiye aliyesisitiza kufuata pesa badala ya kufuata maiti, mafia wakamuua Capaci, karibu na Palermo, tarehe 23 Mei 1992 pamoja na mkewe na walinzi watatu. Septemba mwaka huohuo ndugu watatu wa Cuntrera, Pasquale, Paolo na Gaspare, wakakamatwa Caracas wakapandishwa ndege kwenda Italia. Na bado Mei 1998 Pasquale akaachiwa kwa uzembe wa makaratasi ya mahakama, akatoroka, akaja kudakwa Hispania mwezi huohuo.

Alfonso yeye alikuwa Toronto anajifanya hohehahe. Watu wa kodi walipomdai mamilioni akasimama mahakamani 1997 akasema anafanya kazi sehemu ya kuosha magari, analipwa dola mia chache tu kwa wiki. Jaji alimwambia wazi kwamba hamuamini. Polisi nao walishamwekea vinasa sauti, wakawa wanasikiliza simu za vibanda vya barabarani alizopenda kutumia, na Julai 1998 wakamkamata yeye na ndugu zake. Mwaka 2000 akakubali kosa, miaka 18, kisha 2008 Canada ikamkabidhi kwa Italia.

Mwaka huohuo wa 2000 ndo Canada ikapitisha sheria ya kulazimisha mabenki yaripoti miamala ya kutia shaka. Kwa hiyo miaka ya 80 yote, noti za ukoo huu zilipokuwa zinaingizwa kwenye benki za Montreal, mtu wa dirishani hakuwa na sheria inayomlazimisha kumwambia yeyote.