Mkataba unaisha Juni

Jumapili usiku, Tabata. Umeme upo, usingizi haupo.

Tangu Pasaka ipite najichunguza nikiwa kazini benki, nilikoajiriwa kwa mkataba, na kuna jambo nimeliona ambalo meneja wa tawi hawezi kulisoma kwenye ripoti zake. Kazi naifanya vizuri tu, ila nimeanza kuichagua.

Kinachohesabika hakinipiti: akaunti mpya, wateja wa kuunganishwa na huduma za simu, hesabu za jioni kufungwa bila shoti ya pesa. Kisichohesabika nakiacha kidogo kidogo. Kuna mama anauza vitenge Kariakoo, anatafuta mkopo wa kukuza mtaji. Zamani ningekaa naye nimweleze apitishe mauzo yake benki, ili mwakani akiomba, akaunti yenyewe imsemee. Juzi nilimwonyesha tu dawati la mikopo lilipo, nikaita mteja mwingine. Mwakani mimi nitakuwa wapi?

Wenye ajira ya kudumu husema sisi wa mikataba hatuna uchungu na benki. Hapo wanatuonea. Dada wa dirisha la pili ni wa mkataba kama mimi, na wiki ya mishahara ndiye anayetoka wa mwisho, akagombanie mwendokasi usiku. Anajituma kweli. Lakini muulize tawi lingeboreshwa vipi, atakuambia, "Mdogo wangu, hayo ni ya wenye benki yao."

Na benki yenyewe inatukumbusha kila siku kwamba si yetu. Kutwa nzima nawashawishi walimu na manesi wachukue mkopo wa miaka kadhaa. Mimi nikiomba, mwisho wa marejesho hauvuki mwisho wa mkataba. Mwenye nyumba naye anataka kodi ya miezi sita kwa mpigo. (Bodi ya Mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu peke yake ndiyo haijali mkataba wa aina gani: asilimia 15 ya mshahara wa msingi, inakatwa.)

Kinachonichosha kuliko yote ni ukimya. Nilimuuliza bosi kama nitaongezewa, akajibu, "Tuombe uzima, dogo." Nilimnunia, mpaka rafiki yangu mwanasheria aliponifungua macho. Kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 36, mwajiri asipohuisha mkataba wakati mfanyakazi alikuwa na matarajio yenye msingi kwamba utahuishwa, huko nako kunahesabiwa kuwa ni kuachishwa kazi. Na kanuni za 2007 zinataja ahadi ya mwajiri kuwa mojawapo ya vinavyojenga matarajio hayo. Kwa hiyo bosi akinitia moyo kwa sentensi moja tu, amenipa cha kupeleka Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Kinga iliyowekwa kwa ajili yangu ndiyo inayomfunga mdomo, na sidhani kama walioitunga waliliwaza hilo.

Ahadi basi siiombi tena. Naomba tarehe. Miezi mitatu kabla ya mwisho niitwe ofisini, niambiwe ndiyo au hapana. Hata hapana ningeifanyia kazi: ningekaa na kila mteja wangu, nikaandika amefikia wapi, nikamkabidhi kwa anayebaki. Sasa hivi tuko Mei, na sijui niandae makabidhiano au niombe likizo ya Agosti.