Kibali cha fremu mbili Magomeni, Mtwara

Nilipowaambia watu nataka kujenga fremu mbili, yaani vyumba vya maduka vya kupangisha, mbele ya nyumba aliyotuachia baba, Magomeni hapa Mtwara, ushauri ulikuwa uleule: anza Ijumaa jioni bila kibali, Jumatatu wakaguzi wakukute umeshaezeka. Wanaofanya hivyo ni wengi, hasa pesa za mnada wa korosho zikishaingia, mafundi hawashikiki. Ila nimeona kuta za watu zikipigwa X nyekundu ya kubomolewa, na nyekundu haina fidia. Ya kijani ndiyo ya kulipwa. Nikasema nitafuata utaratibu, nione unaishia wapi.

Ya mirathi siyarefushi. Nilikuwa msimamizi kwa uteuzi wa Mahakama ya Mwanzo, kwa hiyo ilibaki kubadilisha jina kwenye hati na kulipa malimbikizo ya kodi ya pango la ardhi. Bila risiti ya pango, pale dirishani ofisi ya ardhi humalizi hata salamu.

Hati yenyewe ndiyo ilikuwa na habari. Imekaa kabatini miaka yote, na sidhani kama kuna aliyewahi kuisoma kupita jina na namba ya kiwanja. Kwenye masharti upo mstari wa matumizi: makazi tu, Kundi A, na rejea ya kanuni za mwaka 1960. Maana yake kiwanja chetu ni cha kulala, si cha kuuzia. Fundi hatakuambia hilo. Mchoraji wa ramani naye akikaa kimya simshangai, maana akisema mapema anaweza kukosa kazi. Kwa hiyo nilikwenda ofisi ya mipango miji ya manispaa kabla sijamlipa mchoraji yeyote, mkononi nakala ya hati na mchoro wa kalamu kwenye karatasi ya daftari.

Afisa akatandaza mezani mchoro wa mipango miji wa eneo letu. "Dada, hizi fremu unataka ziguse barabara?" Mtaani kwetu wanaamini kila barabara ina mita 30 kutoka katikati, kila upande. Hizo ni za barabara kuu na za mkoa, kwa Sheria ya Barabara ya mwaka 2007. Za mitaani kama yetu, upana wake unausoma kwenye ule mchoro. Tukahesabu kuanzia bikoni za mbele, zile alama za mpaka wa kiwanja, si kuanzia ukuta wa baba, kwa kuwa ukuta mtu huujenga alipopenda. Fremu zikarudi nyuma zikawa fupi, na mwembe ikabidi ukatwe. Mama aliununia uamuzi huo kwa muda mrefu kuliko hatua nyingine zote za kibali.

Ombi la kubadili matumizi, kutoka makazi kuwa makazi na biashara, nililiandika kwa Mkurugenzi wa Manispaa. Tangazo likabandikwa kiwanjani ili mwenye pingamizi aseme. Mimi sikusubiri walisome ukutani. Nilizunguka mwenyewe nyumba kwa nyumba, kwa sababu jirani akiona karatasi ya serikali kabla hajakuona wewe, anaanza na hasira. Mzee wa upande wa kulia, baada ya shikamoo na kikombe cha chai, akasema, "Mwanangu, duka sina neno nalo. Baa ndiyo sitaki, na muziki sitaki." Nikamwandikia hivyo hivyo kwenye karatasi, tukasaini wote wawili, nakala ikaingia kwenye faili. Naamini karatasi ile ilisaidia kuliko barua yangu ya maombi, ingawa hakuna aliyenidai.

Kamati ya madiwani inayohusika hukaa kwa ratiba yake, ikikupita unangoja kikao kijacho. Nilitumia muda huo kumpata mchoraji anayetambulika na kuandaa michoro ya jengo kwa vipimo vilevile tulivyokubaliana mezani. Ndiyo maana maombi ya kibali cha ujenzi yalipoingia hayakurudishwa. Mhandisi aliuliza msingi na lenta, ile mihimili ya zege juu ya milango na madirisha; afisa afya akauliza choo cha wapangaji na shimo la maji taka liko umbali gani na nyumba. Swali la choo lijiandae nalo; watu huchora fremu tupu, halafu wapangaji wanaanza kuomba choo cha mama mwenye nyumba.

Kibali kilipotoka nilitoa nakala ikakaa saiti na fundi, maana wakaguzi huja mwenye nyumba ukiwa sokoni.

Gharama ambayo haisemwi ni pango la ardhi. Matumizi yakishakuwa ya biashara, kiwango kinapanda, na ankara inakuja kila mwaka mpangaji awepo asiwepo. Niliigawa kwa miezi nikaiingiza kwenye kodi ya fremu. Mpangaji wa kwanza, fundi cherehani, alilalamika kuwa ng'ambo ya barabara ni rahisi zaidi. Nikamwonyesha hati mpya, yenye matumizi ya makazi na biashara, na kibali. Akauliza kama naweza kumwandikia mkataba wa kupeleka kwenye leseni ya biashara, nikasema naweza, akalipa miezi sita.