Baba hana alama za vidole, lakini pesa za wazee anapokea

Ukitaka kumjua mtu ambaye hajawahi kumfuatilia mzee wake huduma yoyote ya serikali, msikilize anavyotoa ushauri. "Nenda tu na kitambulisho, ni kitu cha dakika tano." "Mpe fulani cha chai akuingizie jina." "Ah, hizo pesa ni za watu wa bara, huku kwetu hazifiki." Yote hayo nimeambiwa, tena na watu wazima waliokaa barazani na vikombe vyao vya kahawa, na hakuna hata mmoja ambaye mzazi wake alikuwa analipwa. Leo Baba analipwa pesa za Inua Jamii, msaada wa serikali kwa wazee, SHA yake, yaani bima ya afya ya serikali, iko sawa, na presha anapimiwa nyumbani kwake. Sasa wale wa barazani ndio wanaokuja kuniuliza mimi, nami nimechoka kurudia maneno yale yale huku cherehani imenisubiri, kwa hiyo naandika.

Baba yuko Matondoni, kijiji cha kisiwa cha Lamu. Mimi naishi Amu (Lamu) mjini, upande wa Langoni, nashona nguo. Yeye ni fundi wa majahazi tangu utoto wake, na hajaajiriwa na mtu hata siku moja, maana yake pensheni hana. Hilo ni muhimu, kwa sababu Inua Jamii ya wazee ni ya waliotimiza miaka 70 na hawana pensheni. Ni shilingi 2,000 kwa mwezi, ingawa wakati mwingine huja za miezi miwili pamoja, na haziji tarehe moja kama mshahara. Usikopee.

Umri unaoangaliwa ni ule ulioandikwa kwenye kitambulisho, si ule anaoujua mama yake. Baba ana rafiki yake waliotahiriwa siku moja. Kitambulisho cha mwenzake kilimzeesha, cha Baba kikamfanya kijana, basi yule akawa anapokea zamani huku Baba akisubiri "akue". Walichekana sana kwa jambo hilo. Kama kitambulisho cha mzee wako kina kosa la mwaka, hiyo ni safari nyingine kabisa, sikuifanya, sitaisemea.

Usajili wenyewe haufunguliwi kila siku. Unafunguliwa kwa msimu, na tangazo hupitia kwa chifu na wazee wa mtaa, sio redioni peke yake. Mimi habari nilizipata kwa mhudumu wa afya ya jamii wa pale kijijini, mwanamke mmoja ambaye ukimwona na mkoba wake utadhani anauza vitenge. Alinipigia simu: "Bui, wanaandika wazee. Mlete mzee kesho asubuhi, usingoje keshokutwa." Hawa wahudumu kila mmoja ana nyumba kama mia moja anazozizungukia, kwa hiyo nani ametimiza miaka, nani mgonjwa, nani amejifungua, wanajua kabla ya ofisi yoyote. Namba yake kuwa nayo kwenye simu kulinifaa kuliko ushauri wote wa barazani. Na kuandikwa ni bure. Kijana mmoja wa saiba, duka la intaneti, aliniomba elfu moja na kitu "asukume faili". Nilimuuliza faili liko wapi nilisukume mwenyewe. Hakuwa na jibu.

Jina likatoka, tukaambiwa tufungue akaunti benki. Hapo ndipo kazi ilipoanza.

Kile kimashine cha alama za vidole kilimkataa Baba. Kidole gumba, kimya. Cha shahada, kimya. Kijana wa benki akakifuta kioo kwa kitambaa, akamwambia Baba akandamize zaidi, Baba akakandamiza mpaka meza ikalia. Mkono wa kulia wote ukaisha, watu nyuma yetu wameanza kuguna, na yule kijana, kwa adabu zote, akaniambia, "Dada, mzee hana alama." Baba alimtazama hivi. Mtu ambaye majahazi yake yamevuka bahari mpaka Zanzibar anaambiwa hana alama!

Lakini kijana hakukosea. Vidole vya Baba vimepita kwenye kamba, msasa, pamba ya kalafati ya kuziba nyufa za mbao, sifa (mafuta ya samaki), na zaidi ya yote deheni, ule mchanganyiko wa shahamu na chokaa wanaolipaka jahazi upande wa chini ili mbao zisiliwe. Wengine hupaka kwa kitambaa. Baba alipaka kwa kiganja, maana anasema mkono ndio unaojua palipobaki pakavu. Chokaa hiyo miaka yote hiyo, na ngozi ya uzeeni nayo imekauka, vidole vimekuwa laini vinang'aa. Ukivigusa ni kama umegusa kijiko.

Sasa njoo kwenye ushauri. Barazani walikuwa na dawa tatu. Wa kwanza alisema petroli. Wa pili alisema msasa laini, yaani tumpige mzee randa. Wa tatu, ambaye ndiye aliyeonekana mwenye akili, alisema ndimu na chumvi, "inafungua ngozi." Baba mwenyewe akaichagua ndimu kwa kuwa ilikuwapo jikoni. Alichosahau sote tulikisahau: fundi hakosi mikwaruzo. Alipotia vidole kwenye bakuli alitoa ukelele jirani akaja na ndoo akidhani kuna moto. "Leta mayi! Leta mayi!" Nami nacheka, naye ananitukana, nami nazidi kucheka. Tuliporudi benki na vile vidole vya ndimu, vimekauka na kupasuka, hata kile kidogo ambacho mashine ilikuwa ikikinusanusa mara ya kwanza haikukitaka tena. Yule mwenye dawa nilipomweleza akaniambia labda ndimu ilikuwa mbichi.

Nikamwendea yule mhudumu wetu wa afya. Akavishika vidole vya Baba akasema jambo moja tu: ngozi kavu haisomeki, ilainishe. Maji ya uvuguvugu jioni, halafu mafuta ya nazi, na afungwe kitambaa alale nacho. Nilimletea Baba soksi safi azivae mikononi. "Soksi ni za miguuni," akasema, na mjadala ukaishia hapo. Tukakubaliana kanga ya zamani ya marehemu Mama, niliichana vipande viwili. Hiyo hakuikataa.

Mafuta peke yake yangetosha? Sijui, maana mimi sikutaka kurudi benki kubahatisha tena, kulipa boti na kupanga foleni ili tujaribu kidole kimoja kimoja mbele za watu. Nikajiuliza: kwa nini tusijaribu nyumbani? Nikakwangua masizi kwenye tako la sufuria, nikayachanganya na tone la mafuta, nikayasaga kwenye kisahani mpaka yakawa wino. Nikachana karatasi nyeupe ya daftari la mjukuu. Nikampaka Baba kidole kimoja kimoja, kidogo tu, nikakiegemeza kwenye karatasi bila kukandamiza, nikaandika chini yake ni kipi. Vyote kumi. Halafu nikaipiga picha ile karatasi kwa simu na kuikuza.

Ilikuwa kama kusoma ramani. Gumba la kulia: doa jeusi tupu. Cha shahada cha kulia: doa, na kovu limepita katikati. Mkono wa kulia wote ni hasara. Gumba la kushoto lina mistari pembeni lakini katikati hamna kitu. Kisha nikafika kidole cha pete na cha mwisho vya mkono wa kushoto: mistari, mizunguko, kila kitu, utadhani vya mtoto wa madrasa. Nikamwita Baba. Akaangalia, akanyoosha mkono wa kushoto kama ameshika patasi, na kweli, vile viwili vimekaa nje, havigusi chochote. "Hivyo ni vivivu," akasema. "Tangu zamani havifanyi kazi."

Tulirudi benki na karatasi yangu. Nilimwambia kijana, "Kaka, leo usihangaike na gumba. Anza na hivi viwili." Akaniangalia kama mganga. Nikamfuta Baba mafuta kwa kitambaa kwanza (vidole vikiteleza pia mashine inakataa), nikamwambia aweke tu kidole, asikandamize, kama anagusa uji kujua umepoa. Taa ikawaka. Cha pili, taa ikawaka. Yule kijana akaiomba ile karatasi aionyeshe wenzake, nami nikamwachia, picha ninayo. Sitajifanya mnyenyekevu: nilitoka pale nikitembea barabara ya pwani kama mimi ndiye mkuu wa kaunti.

Mwombe pia wakuandike wewe kama mtu wa pili wa kumchukulia, siku mzee akiwa hajiwezi. Kaka zangu walinuna kidogo kwamba imekuwa mimi. Walikuwa wapi siku ya ndimu?

Na PIN ya akaunti ni ya mzee na ya wewe uliyeandikwa, basi. Si ya wakala, hata awe na ndevu za heshima namna gani.

Tukiwa tumeshika kasi, mhudumu akasema tumalize na SHA, ile iliyochukua nafasi ya NHIF tangu Oktoba 2024. Kujisajili ni kwa *147#, au unasaidiwa na mhudumu kwa simu yake. Jambo la kuangalia ni laini ya simu: ujumbe wa namba ya siri unaenda kwenye laini hiyo, na wazee wetu wengi laini zao ziliandikishwa na watoto waliokwisha kwenda Mombasa. Tulipotea hapo mchana mzima. Ukishasajiliwa, matibabu ya kawaida ya zahanati na kituo cha afya hulipi. Ukitaka zaidi ya hapo, kulazwa na mambo ya hospitali kubwa, lazima mchango uwe umelipwa, na asiye na mshahara analipa wa mwaka mzima kwa mkupuo. Kiwango cha chini ni 300 kwa mwezi, yaani 3,600 kwa mwaka.

Hiyo 300 wengi wanadhani ni ya kila mtu. Si hivyo. Kuna maswali kwanza kuhusu maisha ya nyumbani, ukuta ni wa nini, sakafu ya nini, mnapikia nini, choo cha namna gani, na majibu ndiyo yanayopanga mchango wako. Sasa mweke Baba mbele ya maswali hayo. Mtu wa Matondoni anaulizwa habari ya nyumba yake aliyoijenga mwenyewe! "Ukuta wa mawe, mwanangu, mawe ya kuchongwa. Sakafu ya saruji, niliipiga msasa. Mlango wa mvule." Nilikuwa namkanyaga mguu chini ya meza, naye anazidi. Bila kuulizwa akaongeza kwamba ana chombo. Chombo gani? Lile jahazi la mtu alilokuwa akilitia kalafati! Nikamwomba mhudumu afute hilo la chombo kwa sababu si lake, na ni kweli si lake. Mengine yalibaki, kwani ni ya haki. Kiwango kilichotoka kilizidi ile mia tatu, si sana, na nilikilipa kwa pesa za mashungi ya harusi mbili. Baba anasema ni gharama ya kuwa na nyumba nzuri. Anayelipa ni mimi.

Presha ilijulikana siku ile ile ya maswali, maana mhudumu alikuwa na mkoba wake. Mikoba hiyo serikali iliigawa Septemba 2023, ina mashine ya presha, ya sukari, kipimajoto, mizani na vingine. Alimfunga Baba mkono kwa mazungumzo tu, akasoma 178 kwa 102, iko juu, akanitazama mimi wala si yeye. Akaandika rufaa ya zahanati, na zahanati wakatuelekeza King Fahd, hospitali ya kaunti. Baba hakutaka kwenda: hakuna kinachomuuma. Alikubali tulipomwambia mhudumu ataandikiwa kwamba mgonjwa wake amemshinda. Heshima ya mwenzake aliilinda, ya moyo wake hakuiona kitu.

Sasa mhudumu akipita hapimi presha tu, anamwagia vidonge kwenye kiganja na kuvihesabu, kwa sababu Baba ni wa wale wanaoacha dawa wakijisikia vizuri. Vikizidi anaulizwa. Anamwogopa yule mwanamke kuliko alivyowahi kuniogopa mimi au Mama. Mara ya mwisho alisoma 140 na kitu, na Baba akatangaza kijiji kizima kana kwamba amepata alama za mtihani.

Pesa za kwanza alinunua patasi mpya.

Wenye wazee wenye vidole kama vya Baba, wavuvi, mafundi wa mawe, kina mama wa ukili, njooni na karatasi zenu, masizi ninayo mengi. Silipishi. Ila mzee aje amekula, kwa sababu vidole kumi ni vingi na mwenye njaa hafiki hata cha sita.