Cut back si cut down

Leo baba mdogo kanipa karatasi ya maelekezo ya kahawa, Kiingereza kitupu, nimsomee. Kiswahili chake ni cha kambi ya jeshi, hapahapa Bombo, Uganda; Kiingereza anasema amewaachia wanaokipenda.

Karibu kila mstari una "cut", na kila "cut" ina kijineno nyuma yake. Tawi lililotobolewa na mdudu ni cut off: likate, liondoe mtini, lichome moto. Hilo halikutusumbua. Mbuni mzee uliochoka kuzaa ni cut back, na hapo mzee akashika panga. "Si umesema tukate?"

Ngoja, Baba. Cut back unaukata mti ukitaka uendelee kuishi. Kisiki unakiacha kama sentimita 30 kutoka ardhini, mkato uwe wa mshazari maji yasituame juu, na shina moja unaliacha limesimama mpaka machipukizi yatoke. Kisha unachagua machache yenye nguvu, mengine unayang'oa. Tena tumia msumeno, panga linapasua kisiki. Cut down ndiyo kuangusha: habari ya mti imekwisha, zimebaki kuni.

Wa Tanzania wangesema kupogoa tukaelewana mapema, lakini neno hilo Bombo halijafika. Hapa ni kukata tu, kinachobaki unaonyesha kwa mkono.

Akaniuliza: mbona daktari alimwandikia cut down kwenye sukari? Sukari nayo inaangushwa? Nilicheka, ila swali lake ni la haki. Ikifuatwa na "on", cut down inakuwa kupunguza, na hapo haitofautiani sana na cut back on. Waingereza wenyewe sijui waliona taabu gani kuunda kitenzi kipya.

Mnyauko tu, ugonjwa unaokausha mbuni mzima, ndio hauna mjadala. Ulionekana Uganda mwaka 1993, na mzee anakumbuka mibuni ilivyokauka ikiwa na buni zake. Mti wa hivyo haupunguzwi. Unang'olewa na mizizi na kuchomwa palepale, bila kuuburuta katikati ya mingine.

Tumekubaliana mwaka huu tukate robo ya shamba, upande wa barabarani. Kisiki kinachukua kama miaka miwili kurudi kuzaa vizuri, na ada za shule hazingoji machipukizi. Mzee alitaka nusu. Mama mdogo, ambaye ndiye anayeuza kahawa, alisema robo.