Nakatwa ushuru wa nyumba Nakuru, nyumba inavuja Vihiga

Kila mwisho wa mwezi nikifungua peslipu macho yanaenda moja kwa moja kwa ushuru wa nyumba, ile pesa serikali ya Kenya inakata ijenge nyumba za bei nafuu. Asilimia 1.5 ya mshahara wote, mwajiri naye anaongeza 1.5 yake, na tumekatwa hivyo tangu 2023 ukitoa tu zile wiki za mwanzo wa 2024 korti ilipoweka breki, halafu Machi sheria mpya ikaja na makato yakarudi.

Sitasema sioni kazi yake. Hapa Nakuru zile gorofa za Bondeni, nyumba 605, naziona zimesimama, na mimi mwenyewe nilijisajili Boma Yangu, ule mtandao wa serikali wa kuomba hizo nyumba, nikaanza kuweka kidogo kidogo ya depoziti, juu sheria ya 2024 ilitaka utoe kwanza asilimia 10 ya bei. Lakini wacha niseme ukweli, mimi shida yangu si gorofa. Shida yangu ni mabati ya mama kule Vihiga ambayo yameoza hadi mvua ya Aprili ikianza mama anapanga sufuria na makarai sebuleni kama mtu anayefungua duka.

Sasa shemeji akaniambia kuna pesa rahisi, kuna kampuni inaitwa KMRC ambayo serikali iko ndani, inakopesha mabenki na masacco kwa riba ya chini ili na wao wakukopeshe mkopo wa nyumba bila kukukamua. Nikaenda kwa sacco yangu nimevaa vizuri kabisa. Yule dada wa mikopo alinisikiza vizuri, akatoa fomu, akauliza swali moja tu: "Taito iko kwa jina la nani?"

Taito, yaani hati ya shamba, iko kwa jina la babu. Babu alikufa 1998.

Hapo ndio stori iliishia. Riba ya chini inakuja na taito ndani ya seifu ya mkopeshaji, na huwezi kuweka rehani shamba la marehemu. Ili itoke kwa babu lazima tufungue kesi ya urithi kortini, barua ya chifu inayotaja warithi wote, tangazo kwa gazeti la serikali siku 30 watu wapinge kama wanataka kupinga, na ukishapewa ile granti, kibali cha korti cha kusimamia mali ya marehemu, unangoja miezi sita ndio ithibitishwe mgawanye. Na warithi wenyewe, jameni, ami zangu watatu, mmoja yuko Kitale na hajaongea na mwenzake tangu mazishi ya babu, sababu ni ng'ombe, tuiache hiyo.

Kuna na ile nafuu ya kodi. Ukilipa riba ya mkopo wa kununua au kukarabati nyumba, unatoa hadi shilingi 360,000 kwa mwaka kwenye mapato yako kabla ya kukatwa kodi, zamani ilikuwa 300,000. Nikafurahi tena. Kumbe nyumba yenyewe lazima uwe unaishi ndani, na mimi naishi kwa nyumba ya kukodi Free Area.

Kwa hivyo nilifanya vile kila mtu hufanya, nikachukua mkopo wa kawaida wa sacco, wadhamini wanne, asilimia 12, unakatwa kwa mshahara miaka mitatu. Mabati geji 28, mbao mpya, fundi wa hapo kijijini ambaye alisema siku nne akamaliza kumi na moja. Mama sasa analala kavu.

Barua ya chifu bado. Ami wawili wamekubali kuja Jumamosi, huyo wa Kitale amesema atakuja kama ataitwa na mtu mwingine asiye mimi, so nimemtuma shangazi.