Kibanda cha nyuma

Jana jioni mwanangu wa darasa la tatu alikuwa barazani anachora ramani ya nyumbani, kazi ya shule. Alishaweka geti, tangi la maji na mparachichi. Akainua kichwa: "Mama, na chumba cha dada nikichore?"

Kisu kikasimama kwenye ndizi niliyokuwa namenya.

Waliowahi kufika kwa babu, Rau, wanaijua ile ramani. Ilikaa ndani ya bomba la bati juu ya kabati. Oysterbay ya Dar es Salaam, imechorwa kwa mkono, wino kwenye kitambaa chepesi kinachong'aa upande mmoja. Bwana aliyemtumikia alikuwa mchora ramani wa serikali. Aliporudi kwao Uingereza mwaka 1961 akamwachia baiskeli na hiyo ramani. Baiskeli sikuikuta.

Nilikuwa na miaka tisa, masika, umeme umekatika. Babu akaitandaza mezani, akakandamiza pembe zake kwa vikombe vya kahawa. Bahari ilikuwa buluu iliyopauka, mstari wa ufukwe mwembamba kama unywele. Akaanzia Daraja la Selander. Mji ulikatwa mafungu, akasema: Uzunguni, Uhindini, na sisi Kariakoo na Ilala. Katika sisi, waliolala ng'ambo ile ya daraja walikuwa wapishi na maboi.

Ukucha wake ulikuwa mnene, wa manjano, umepasuka katikati. Ukapita taratibu juu ya viwanja vikubwa, kila kimoja na namba yake, kila nyumba imeipa bahari uso. Ukasimama nyuma ya nyumba moja, kwenye kibanda kidogo kuliko punje ya mahindi. Hakikuwa na namba.

"Hapa," akasema. "Miaka kumi na mmoja."

Alipotoka kuangalia ng'ombe nikachukua kalamu yangu ya shule, nikaandika jina lake pale. Halikuenea. Herufi zikamwagikia bustani ya Bwana, ya mwisho ikaingia barazani kwake.

Babu akarudi, akaona. Nikasubiri kofi. Akavaa miwani, akainama mpaka pua ikakaribia kitambaa, akalisoma jina lake kwa sauti, polepole, kama mtu anayeitwa kutoka mbali. Kisha akakunja ramani, akairudisha kwenye bomba.

Hatukuizungumzia tena. Kuna siku naamini alifurahi. Kuna siku nakumbuka kwamba tangu pale hakuitoa tena mbele yangu.

Mwaka juzi nilipita Daraja la Tanzanite kuelekea Coco Beach, nikawa natafuta kwa macho kilipokuwa kile kibanda. Gari halikusimama.

"Kichore," nilimwambia mwanangu. "Na jina lake uliandike."

Akaweka penseli chini. "Kwani dada anaitwa nani?"

Kabla sijafungua mdomo alishakimbilia uani kumuuliza mwenyewe.